Waimbaji wa studio: maswali tunayoulizwa sana kuhusu sauti zisizo na majina

Mwimbaji wa studio ni nani?

Ni mtu anayeitwa studio kuingiza sauti katika wimbo wa mwingine, akalipwa, akaondoka. Kazi yake inaweza kuwa kuimba kiitikio, kujaza sauti ya pili na ya tatu, kuimba tangazo la biashara la nusu dakika, au kurekodi wimbo wa mfano ili msanii mwenye jina ausikilize na kuukariri. Wakati mwingine huimba wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, kisha wimbo ukatoka kwa jina la mtu mwingine. Hayo ya mwisho tutayafikia, maana ndiyo yaliyozaa kesi.

Huyo si ndiye mwitikiaji tunayemwona jukwaani?

Mara nyingi ni mtu yuleyule, ila kazi ni mbili. Jukwaani anaonekana, anacheza, anapigiwa makofi, na akikosea wimbo unasonga mbele. Studio hakuna wa kumwona, na akikosea lazima arudie mpaka kosa litoke.

Mbona tunawasikia kila siku na hatuwajui?

Kwa sababu hawakuandikwa. Wapo wanaodhani ni suala la kipaji, kana kwamba anayeimba sauti ya pili ni yule aliyeshindwa ya kwanza. Ukifuatilia rekodi moja moja utaona jina hupotea ofisini: fomu haikujazwa, kava halikuachiwa nafasi, au lebo (kampuni ya rekodi) ilitaka kundi fulani lionekane limefanya kila kitu.

Mfano mzuri ni Detroit, kwenye lebo ya Motown, miaka ya 1960. Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps walikuwa waitikiaji wa nyumbani pale, wakijiita Andantes. Ndio unaowasikia nyuma ya kundi la Four Tops katika vibao vyao vikubwa. Mwaka 1968 kundi la Supremes lilipotoa "Love Child", walioitikia nyuma ya Diana Ross ni Andantes, si wenzake wawili wa kundi. Picha za kundi ziliendelea kuonyesha wasichana watatu kama kawaida, na mnunuzi akaamini kwamba anaowaona ndio anaowasikia. Andantes hawakutoa hata albamu moja ya kwao Motown.

Anafanya nini hasa akishaingia studio?

Anavaa hedifoni, mara nyingi sikio moja ndani na jingine nje, ili asikie biti na wakati huohuo asikie sauti yake na za wenzake chumbani. Wimbo pengine hajawahi kuusikia. Prodyuza anaweza kusema tu, "Hapa nataka kitu chenye joto," basi. Waimbaji watatu wanaangaliana. Mmoja anaanza sauti ya juu, wa pili anaingia chini yake, wa tatu anatafuta nafasi iliyobaki. Baada ya muda mfupi kuna mpangilio wa sauti ambao asubuhi haukuwepo na ambao mtunzi wa wimbo hakuuandika popote. Kumbuka jambo hili tutakapofika kwenye pesa.

Halafu inakuja kazi ya kufanana. Mwimbaji wa mbele anataka atambulike kwa neno la kwanza. Huyu anataka asitambulike kabisa. Anapunguza mtetemo wa sauti, kwa kuwa mitetemo mitatu ya kasi tofauti huchafua koradi, yaani noti zinazolia pamoja. Anakubaliana na wenzake umbo la vokali, maana "a" ikiwa wazi kwa mmoja na ya kubana kwa mwingine, sauti hazishikani hata kama noti ni sahihi. Wanapanga pia nani apumue wapi, ili mstari mrefu usikatike.

Ila konsonanti za mwisho ndizo zinazomtenga mzoefu na mgeni. Chukua neno linaloishia na "s", kama yalivyo maneno mengi ya nyimbo za Kiingereza. Watu wanne wakilimaliza kwa kupishana kidogo tu, maikrofoni inanasa "s" nne zinazofuatana kama tairi linalovuja upepo. Dawa yake ni kumpa mtu mmoja "s" yote. Wengine watatu wanakata neno kwenye vokali na kufunga mdomo. Msikilizaji hatajua kamwe kwamba robo tatu ya kwaya hiyo haikumaliza neno.

Wakishapata, wanaimba tena kilekile juu ya walichokwisha kurekodi. Na tena. Watu watatu wakirudia mara nne, fundi mitambo ana sauti kumi na mbili za kugawa kushoto na kulia. Katika marudio hayo wanabadilishana sehemu, au wanasogea nyuma hatua mbili kutoka kwenye maikrofoni, ili kila tabaka liwe na rangi yake kidogo. Ni kazi ya kuchosha. Mwaka 1966 Ken Townsend, fundi wa studio za Abbey Road jijini London, alibuni njia ya kurudufisha sauti kwa tepu kwa sababu Beatles walikuwa wamechoshwa na kuimba kila kitu mara mbili. Ilisaidia sana. Hata hivyo rudufu ya mashine hubeba kila kitu cha sauti ya kwanza, pamoja na makosa yake, ilhali mtu akiimba mara ya pili hupishana na nafsi yake kidogo. Unene wa kiitikio tunaoupenda unatokana na kupishana huko.

Lazima ajue kusoma noti?

Kwenye muziki wa filamu na matangazo, ndiyo, kwa sababu karatasi inawekwa mbele yako na saa inahesabiwa. Kwingineko sikio kali linatosha. Nashville walipata njia ya katikati: mwishoni mwa miaka ya 1950 Neal Matthews Jr. wa Jordanaires, kundi lililomwitikia Elvis Presley kwa miaka mingi, alianza kuandika koradi kwa namba badala ya herufi. Nyota akisema koo limekauka, wimbo ushushwe, namba zinabaki zilezile na hakuna anayeandika upya chochote. Wapiga vyombo wa mji ule wanatumia mtindo huo mpaka leo, na wengi wanaoutumia kwingineko hawajui kwamba ulitoka kwa mwitikiaji.

Ni kweli wimbo unaweza kutoka kwa jina la mtu ambaye hakuuimba?

Kweli tupu, na umetokea kwenye vibao vilivyoshika namba moja.

Mwaka 1962 prodyuza Phil Spector alikuwa na haraka ya kutoa "He's a Rebel" kabla mwingine hajamtangulia. Yeye alikuwa Los Angeles; kundi lake, Crystals, lilikuwa New York. Hakuwasubiri. Alimwita Darlene Love na wenzake wa Blossoms, waimbaji wa studio wa palepale, wakaingiza sauti, kisha akaandika "The Crystals" kwenye lebo ya sahani. Wimbo ukapanda hadi namba moja Marekani mwezi wa Novemba. Crystals wenyewe wakabaki na kazi ya kujifunza kuuimba jukwaani wimbo uliokuwa na jina lao.

Huko Uingereza mambo yalifikia hatua ya kuchekesha. Mapema mwaka 1970 Tony Burrows alikuwa sauti ya mbele katika Edison Lighthouse, White Plains na Pipkins, tena akisikika pia katika Brotherhood of Man, vikundi vinne vyenye vibao vinavyovuma kwa wakati mmoja. Mwaka mmoja kabla yake, "Sugar, Sugar" ya Archies ilikuwa imetamba duniani. Archies ni vikaragosi vya televisheni, na aliyeimba ni Ron Dante, mwimbaji wa studio. Pale angalau hakuna aliyedai kwamba kikaragosi kina koo.

Miaka ya 1980 na 1990 utani uliisha, kwa sababu video ilikuwa imeingia na sura ikawa bidhaa. Frank Farian, prodyuza Mjerumani, alikuwa amewahi kufanya hivyo na kundi la Boney M., ambako sauti ya kiume kwenye rekodi ilikuwa yake mwenyewe huku Bobby Farrell akicheza mbele. Kisha akatengeneza Milli Vanilli, kundi la vijana wawili. Wawili hao walipewa tuzo ya Grammy ya wasanii wapya mwanzoni mwa 1990, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo wakanyang'anywa ilipobainika kwamba hawakuimba. Waliobeba aibu ni vijana wale wawili. Mimi huona ajabu kwamba waimbaji halisi, akiwamo Brad Howell na John Davis, walizungumziwa kama ushahidi wa udanganyifu kuliko kama watu waliouza mamilioni ya rekodi kwa koo zao.

Aliyebadilisha mambo ni Martha Wash. Sauti yake kubwa ndiyo inayoita watu wacheze katika kibao cha C+C Music Factory cha 1990, lakini kwenye video alionekana mwanamke mwembamba zaidi akifumba na kufumbua mdomo. Mambo ya namna hiyohiyo yalimpata kwenye nyimbo za Black Box. Wash alishtaki, wakapatana, na video ikatakiwa kuonyesha maandishi yanayomtaja kuwa ndiye aliyeimba. Baada ya kesi zake, kampuni za rekodi zilianza kuwa makini zaidi kuandika nani ameimba nini.

Na waimbaji wa filamu je?

Huko kuazimana sauti ni mtindo unaokubalika, ugomvi ni juu ya jina tu. Marni Nixon ndiye aliyeimba sehemu za Deborah Kerr, Natalie Wood na Audrey Hepburn katika filamu tatu kubwa za Hollywood kati ya 1956 na 1964, bila kuandikwa kwenye filamu hizo. Mtunzi Leonard Bernstein alimgawia robo ya asilimia moja ya mirabaha yake mwenyewe (malipo ya kila kazi inapouzwa au kutumika) kwa filamu ya 1961. Ni kidogo, lakini ilitoka mfukoni mwa mtunzi, siyo mwa studio.

India walikwenda njia nyingine. Sahani ya wimbo maarufu wa filamu *Mahal*, mwaka 1949, iliandikwa jina la mhusika, Kamini, kana kwamba mtu wa hadithi ndiye aliyeimba. Wasikilizaji wa redio wakataka kujua ni nani hasa. Jina likatangazwa: Lata Mangeshkar. Kuanzia hapo waimbaji wa nyuma ya pazia wakageuka nyota kamili, wakati mwingine wakubwa kuliko waigizaji waliowaimbia, na mwaka 1959 tuzo za Filmfare zikaanza kuwa na kipengele chao. Ukitaka ushahidi kwamba mwimbaji asiyeonekana hana lazima ya kuwa hajulikani, ni huu. Watu hawakuharibikiwa na filamu kwa kujua.

Analipwaje?

Kwa kawaida mkupuo: kwa saa, kwa siku au kwa wimbo. Wimbo ukifa amelipwa. Wimbo ukiuza miaka hamsini, amelipwa kilekile. Penye chama cha wafanyakazi chenye nguvu, kama SAG-AFTRA huko Marekani, kuna kiwango cha chini, na rekodi ikiuza sana kuna nyongeza. Pasipo na chama, bei ni ile mliyoelewana mlangoni.

Mirabaha ya kuchezwa redioni hutofautiana sana baina ya nchi. Mkataba wa Roma wa 1961 uliweka msingi wa waimbaji na wapiga vyombo kulipwa rekodi zinapotangazwa, na nchi nyingi zina shirika la kukusanya pesa hizo, kama PPL ya Uingereza, ambalo hulipa hata asiye na jina mradi ameandikishwa kwenye rekodi husika. Marekani redio za kawaida hazimlipi mwimbaji chochote, humlipa mtunzi. Kwa redio za mtandaoni na za setilaiti, sheria yao inagawa hivi: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii aliyetajwa, 2.5 kwa wapiga vyombo wa kukodiwa, na 2.5 kwa waimbaji wa kukodiwa. Asilimia mbili na nusu, tena ya kugawana wote walioitikia katika wimbo huo. Ukumbuke kwamba kwenye vibao vingi kiitikio ndicho mtu anachoondoka nacho kichwani.

Umoja wa Ulaya ulijaribu kurekebisha kidogo mwaka 2011. Uliporefusha ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, uliagiza wenye rekodi watenge asilimia 20 ya mapato ya miaka ile ya nyongeza kwa ajili ya waliolipwa mkupuo. Ni hatua nzuri kwa walio hai. Aliyerekodi akiwa na miaka 30 ataanza kuionja akiwa na 80.

Akibuni sauti yake mwenyewe studio, si anakuwa mtunzi?

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa, na jibu bora ni kisa cha Clare Torry.

Siku moja ya Jumapili, Januari 1973, aliitwa Abbey Road na bendi ya Pink Floyd. Walikuwa na kipande cha kinanda kisicho na maneno wala melodia ya kuimba. Hawakuwa na maelekezo ya kueleweka. Walitaka aimbe tu, bila maneno. Torry akaamua kujifanya chombo cha muziki. Alirekodi mara mbili na sehemu ya mara ya tatu, akasimamisha mwenyewe akiona anajirudia, akaondoka akidhani hawatatumia. Alilipwa pauni 30, kiwango cha Jumapili. Kipande hicho ni "The Great Gig in the Sky", na albamu ni *The Dark Side of the Moon*, mojawapo ya zilizouzwa zaidi katika historia.

Jina lake liliandikwa kama mwimbaji. Utunzi ukaandikwa wa mpiga kinanda Richard Wright peke yake. Mwaka 2004 Torry alishtaki, akidai kwamba melodia inayosikika ni yake, na 2005 wakapatana nje ya mahakama. Tangu hapo matoleo ya albamu humtaja katika utunzi wa sauti.

Nadhani hoja yake haikupingika: toa sauti ile, kinabaki kinanda kinachosubiri mtu. Tatizo ni kwamba kuna mamia ya vipande vidogo vya namna hiyo, koradi ya waitikiaji hapa, kilio cha mwisho wa beti pale, ambavyo havikubadilisha wimbo mzima lakini bila hivyo wimbo usingevuma. Sheria za hakimiliki hupenda kitu kilichoandikwa. Mwitikiaji hutunga kwa mdomo, papo hapo, akiwa kwenye saa ya kulipwa.

Kwa nini katika pop ya Marekani wengi walikuwa wanawake Weusi?

Kanisa liliwafundisha mapema yale ambayo studio iliyahitaji: kuitikia, kupanga sauti bila karatasi, kujaza nafasi anapopumua kiongozi. Cissy Houston alitoka kwenye kundi la injili la familia, akaongoza Sweet Inspirations, akaitikia Aretha Franklin na Elvis. Bendi za roki za Uingereza nazo zikaitaka ladha hiyohiyo.

Usiku mmoja wa 1969, Los Angeles, Merry Clayton, binti wa mchungaji, alipigiwa simu karibu saa sita akiwa anajiandaa kulala. Alikuwa mjamzito. Akaenda na rola za nywele kichwani, akakuta Rolling Stones na wimbo wa vita wenye maneno makali kuliko aliyoyatarajia. Akaimba mara chache tu. Katika "Gimme Shelter" utasikia, baada ya gitaa la katikati, sauti yake ikipanda na kupasuka kwenye neno lilelile analolirudia, na nyuma yake kwa mbali Mick Jagger, mwimbaji wa bendi, akishangilia. Mpasuko ule fundi wa leo angeufuta. Albamu ilipotoka walimwandika "Mary".

Lebo ziliupenda uwezo huo, lakini mara nyingi hazikutaka kuuza uso wa mwanamke mwenye nao. Yaliyompata Martha Wash miaka 20 baadaye yana mzizi uleule.

Mbona wasitoke wawe nyota wenyewe?

Wapo waliotoka. Luther Vandross alipanga na kuimba viitikio vya David Bowie kwenye *Young Americans*, 1975, akaimba matangazo kwa miaka, na 1981 akatoa albamu iliyomfanya nyota. Wapo waliozuiwa: Darlene Love alifika mahali pa kusafisha nyumba za watu, kabla ya kurudi kwenye muziki na hatimaye, 2011, kuingizwa Rock and Roll Hall of Fame.

Na wapo ambao hawakutaka. Lisa Fischer alishinda Grammy kwa wimbo wake mwenyewe, kisha akaendelea kuitikia Rolling Stones ziarani kwa zaidi ya miaka 20. Kuitikia ni fani iliyokamilika, na kumsikitikia mtu aliyeichagua ni kumkosea.

Kompyuta haijawamaliza?

Imewapunguzia kazi. Kiitikio kikiimbwa vizuri mara moja, kinanakiliwa kila kinapojirudia, na tangu Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti, ilipotoka 1997 hata asiye na sikio anaweza kujaza sauti ya pili. Wengi sasa hurekodi nyumbani na kutuma mafaili.

Akili mnemba ndiyo tishio jipya, kwa sababu inaweza kujifunza sauti ya mtu na kuitumia pasipo yeye. Nyota ana mawakili. Mwimbaji wa studio ana karatasi aliyotia saini bila kuisoma, na kama karatasi hiyo inasema sauti yake itumike "kwa njia yoyote", amekwisha.

Nimeitwa kurekodi. Nihakikishe nini kabla ya kuingiza sauti?

Malipo ni kiasi gani na yanalipwa lini, jina lako litaandikwaje (wape tahajia wewe mwenyewe), na sauti itumike kwenye wimbo huu tu au popote. Ukatae kipengele cha kufundishia mashine sauti yako, au ukitoze bei yake. Ukiona umebuni melodia, lizungumze kabla hujatoka mlangoni. Kesho yake itakuwa ya mwingine. Jiandikishe pia kwenye shirika la mirabaha la nchini mwako na uhakikishe rekodi hiyo imeingizwa kwa jina lako. Mkataba wa 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki za ubunifu, unampa mtumbuizaji haki ya kutajwa, kwa hiyo kuliomba jina lako liandikwe si kujipendekeza.

Nitajuaje nani aliitikia kwenye wimbo ninaoupenda?

Anza na kijitabu cha ndani ya kava la sahani au CD; kina majina mengi kuliko ukurasa wa wimbo kwenye programu ya muziki. Tovuti ya Discogs ina picha za lebo na makava, kwa hiyo unaweza kulinganisha toleo la kwanza na matoleo ya baadaye, ambako mara nyingi majina huongezwa. Ukikwama, tafuta mahojiano ya fundi mitambo au mpangaji wa muziki, maana hao hukumbuka nani alisimama wapi. Na ujaribu tahajia zaidi ya moja: ukimtafuta Merry Clayton kwenye matoleo ya zamani, andika pia "Mary".